Mwaka Fili ya Gare Ilikatwa Mara Tatu

Leo asubui Rajabu alifika ku mulango wangu na kitenge kimekunjwa mu sashe nyeusi ya plastiki. Ni kitenge cha kilio cha babu yake Feruzi, aliyekufa juzi. Familia yote watavaa kitenge kimoja, cha rangi ya majani na maua meupe, na wamenikatia na mimi kipande changu, sawa dada ya marehemu. Rajabu alikinyoosha kwa mukono wa kuume, maana wa kushoto vidole vyake havikunjike tena vizuri. "Koko Zabibu," aliniambia, sawa muntu anavyoita bibi yake, "tantine Mwajuma anauliza kama utakuja kukaa na wamama." Mwajuma ni binti ya Feruzi. Nilipokea kitenge, nikakiweka juu ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ili joto lisitoke upesi, nikamuambia akae kwanza, akunywe chai. Mimi shule niliacha darasa la tatu, na sala nyingi zimenitoka, lakini majina hayanitoki. Waliosimama mu kiwanja chetu siku ile walikuwa Omari mwenye kushona, Bitondo na muke wake Salima, Kisubi wa mizigo, Assani mwenye jicho moja, na Feruzi. Wote walijua, wote walinyamaza, na wote wameshakufa. Feruzi njo alibaki wa mwisho, na mimi nilikuwa ninamungojea.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na sita, na waasi walikuwa wameshika Kindu. Nilikaa na yaya wangu Shabani, kaka yangu mukubwa, mu kamp ya shemendefere, ile kampani ya reli, nyuma ya gare ya treni, mu chumba kimoja tulichokigawanya na pazia la magunia: upande wangu jiko na mukeka, upande wake kitanda na vyombo vya kazi. Kila kitu mule kilinuka mafuta ya reli, hata wali. Yaya alikuwa muntu wa fili, waya ya simu. Simu ya gare ilipita mu fili ya shaba juu ya milingoti, kando ya reli mupaka Kibombo, na kazi yake ilikuwa kutembea chini yake akiangalia juu, na kupanda pale ilipolegea. Alikuwa na vyuma vya kufunga ku miguu ili apande sawa kima, na pensi moja ya kukatia fili, aliyoipenda kuliko mimi. Hata kaa la moto hakunikubalia nilishike nayo. Treni zilikuwa zimesimama, posta ilikuwa imefungwa. Ile fili njo ilibaki sauti ya muji. Komanda wa waasi, aliyelala mu nyumba ya sefu wa gare, alitangaza sokoni kwamba mwenye kuikata atakufa.

Chumvi ilikosekana mwaka ule. Tulikula wali na sombe ya mawese, bila chumvi, mupaka ulimi ulisahau. Lakini nyama ilikuwako, kwa ajili ya Feruzi. Alikuwa rika ya yaya, chumba chake kilikuwa cha tatu kutoka kwetu, na kazi yake ilikuwa kutega. Kila magaribi alipita na simbiliki mbili, tatu, panya wakubwa wa majani wenye mafuta, na moja alinitupia ku mulango.

"Zabibu, pika. Leo muke sina."

"Na kesho?" yaya alimuuliza.

"Kesho nitaoa dada yako, utanilisha bure."

"Huyu hajui kupika, utakufa na njaa."

Walikula mu sahani moja, mikono yao inagongana, na mimi nyuma ya pazia nilisikiliza maneno yao na kunyonya mifupa. Hakuna aliyeuliza Feruzi anatoa wapi fili ya mitego mu muji wenye maduka matupu. Yaya hakuuliza, na mimi sikuuliza. Ile nyama nilikula. Watu wakiniambia leo niache moyo mugumu, ninakumbuka nilivyolamba vidole, na hasira inanirudilia, nusu juu ya Feruzi na nusu juu ya ule mudomo wangu.

Mara ya kwanza fili ilipokatwa, yaya aliiunga siku ileile. Mara ya pili alirudi na kipande, urefu wa kidole, akakiweka juu ya meza kando ya sahani. Feruzi alikuwa ameanza kula. Yaya aliniita nitoke nyuma ya pazia. "Angalia kichwa cha hii fili," aliniambia. "Pensi inauma pande mbili, inaacha kidomo sawa cha ndege. Hii imelala upande moja, na huku ku mwisho imejikunja. Njo panga." Maneno aliniambia mimi, lakini macho yalikuwa kwa Feruzi. Feruzi hakuacha kutafuna. "Mwalimu," alisema, "kula, nyama inapoa." Yaya alinawa mikono bila kula. Nilipokuwa ninaokota sahani, niliwasikia ku mulango, sauti chini.

"Mimi sitakutaja," yaya alisema. "Lakini usirudilie."

"Nirudilie nini?"

"Feruzi."

"Nimesikia, ndugu yangu."

Kipande cha shaba nilikificha mu kopo ya kahawa, kwa ajili ya kung'aa kwake tu. Nilikuwa mutoto bado.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya tano ya juma, asubui. Komanda alikuwa anaongea na Kibombo, na sauti ikamukatikia mu sikio. Alikuja ku kamp na askari wake, akatutoa wote mu kiwanja, akatuma wapekue vyumba. Chini ya kitanda cha yaya walikuta mizunguko miwili ya fili. Muntu wa fili atakosa fili mu nyumba? Lakini komanda hakuwa muntu wa huku, na alikuwa anataka muntu wa kukamata kabla ya saa sita. "Nani mwingine hapa iko na fili?" aliuliza. Wale niliowataja wote waliangalia chini. Komanda alimuonyesha Feruzi kidole, maana njo alikuwa karibu. Na Feruzi, mwenye mitego kumi na tano mu majani nyuma ya gare, yote ya shaba, alisema: "Fili yote ya hapa iko kwa Shabani. Mwingine hana."

Nilikimbia kuleta kopo ya kahawa. Nilimunyooshea komanda kile kipande, nikaanza kumueleza: hii ni panga, pensi ya yaya haikate hivi. Askari moja alinisukuma na kiwiko. "Kasichana kanatufundisha fili," alisema, na wenzake walicheka. Yaya alimuangalia Feruzi, na mimi nilimuangalia yaya, nikingoja afungue mudomo amutaje. Hakumutaja. Alikuwa ameahidi juu ya sahani ya nyama, na ahadi yake aliishika mu mahali pabaya vile. Hilo pia sijalisamehe.

Walimufungia mu depo ya mizigo. Jioni nilimupelekea wali, sahani ikarudi tupu, nikafurahi sana na ile sahani. Asubui yake, siku ya posho, nilienda kwa Feruzi. Alikuwa amekaa ku kizingiti anakula muhogo wa kuchoma. Nilipiga magoti mbele yake.

"Sema ni wewe. Au sema hujui ni nani. Sema kitu chochote, yaya Feruzi."

"Leo komanda iko na hasira, Zabibu. Kesho. Kesho nitaenda kusema."

"Kesho kweli?"

"Kesho."

Nilimuamini. Nilirudi kupika kwa moyo mwepesi, hata niliimba. Saa tisa nilipeleka sahani, na mulinzi wa depo akanirudishia imejaa. "Huyu hakuli tena," alisema. Mwili hawakutupatia. Tulikaa kilio bila kaburi, na siku ya pili Feruzi alileta simbiliki mbili kwa ajili ya wenye kukaa. Watu walikula. Mara ile mimi sikula.

Kisha muntu anaolewa, anazaa, anazika bwana yake, na miaka karibu sitini inapita. Feruzi alinunua parsele ya kujenga kando ya reli, na mimi nilipopata yangu ilikuwa pembeni ya ile yake; Kindu si kubwa ya kuchagua majirani. Tulisalimiana kila asubui. Yeye aliniita dada, na mimi nilimuitika. Ku mbele ya nyumba niko na malewa yangu, meza mbili na mabenchi, ninauza wali, fufu, sombe na samaki. Nyuma ni shamba, na nyuma ya shamba ni uzio wa antene ya simu, ambapo Rajabu, mujukuu wa Feruzi, alikuwa mulinzi. Mwaka jana walikuja watu wa kampani ya simu kuchimba mufereji kando ya reli, palepale milingoti ya yaya ilisimama. Niliwaona wanavuta kamba nyeusi, nikaacha mwiko mu sufuria, nikaenda kuangalia.

Teknisye wao, fundi wa ile kamba, alikuwa Ilunga, muntu wa Lubumbashi, mwenye kula sana na kuuliza sana. Aliniita nkambo, sawa wanavyoita koko kwao.

"Nkambo, ndani ya hii kamba muna kioo."

"Kioo ya kujitazamia?"

"Kioo nyembamba kuliko unywele. Mwangaza unapita ndani, unabeba sauti za watu." Alitoa mu mufuko kachuma, saizi ya kidole gumba. "Na hii ni moduli. Njo inatupa mwangaza na kuupokea. Moja ninachomeka hapa ku antene yenu, ya pili iko ku antene ingine, kule mbele. Lakini hazifanane. Hii inasema kwa rangi moja na kusikia kwa rangi ingine, na mwenzake anageuza. Juzi walinitumia mbili za namna moja. Zote zinasema, hakuna inayosikia."

"Sawa wake wenza," nilimuambia. Alicheka mupaka wali ulimupalia.

Siku moja aliunga kamba palepale ku meza yangu, kwa ajili ya kivuli. Alipangusa nyuzi na alkoli, akakataza muntu asizishike kwa kidole, akaziingiza mu kamashini kenye kioo kinachozikuza. Nyuzi mbili zilionekana nene sawa miti, zinaangaliana vichwa. "Huyu wa kushoto amekatwa upande," nilisema. Ilunga aliinama, akaangalia, akaniangalia. "Nani alikufundisha, nkambo?" "Yaya wangu," nilimuambia. Alikata upya, ikaungana. Tangu siku ile alinipa heshima ya fundi, na mimi sahani yake niliijaza zaidi.

Shamba langu chini iko na mawe ya reli ya zamani. Kwingine walichimba mupaka ku goti, kwangu walifika ku kifundo cha muguu, na ni mimi niliwaita. "Njooni, wali unapoa." Walikuwa na njaa, walilaza kamba, wakatandika juu yake utepe wa rangi ya manjano wenye maandishi ya kukataza, wakafunika na udongo, wakaja kula. Mvua ilipofunua utepe, sisi wamama tuliuvuta. Ulikuwa mugumu, unafaa kufungia sombe. Masika ile nzima majani yangu yote ya soko yalifungwa na utepe wa kampani. Kisha ilifika wakati wa kupanda karanga. Jembe langu liligonga kitu, nikafikiri ni muzizi wa mungazi, muti wa mawese, nikapiga mara ya pili kwa nguvu zote. Nilipoinama niliona ngozi nyeusi imepasuka, na ndani yake nywele za kioo. Kule mu uzio Rajabu alisimama, alitikisa simu yake, akaiinua juu. "Koko, rezo imekwenda, simu hazipite." Nilisukuma udongo na muguu. Ninaapa, wakati ule ilikuwa haya tu. Nilikusudia kumuambia Ilunga akifika.

Ilunga alifika na mukubwa wake na askari wawili. Alikuwa na kasanduku kanakotuma mwangaza mu kamba na kuhesabu ulikokufa, na kalimuleta moja kwa moja mu karanga zangu. Mukubwa alikuwa tayari amekasirika, maana mara mbili kwingine wezi walikata kamba wakifikiri watakuta shaba. Alipima kwa macho kutoka ku kidonda cha kamba mupaka ku kiti cha mulinzi. "Wewe uko hapa karibu, hukuona muntu?" Rajabu alijibu hakuona muntu, na ilikuwa kweli, maana koko anayelima si muntu wa kuangaliwa. "Basi ni wewe," mukubwa alisema. Walimuingiza mu gari. Ilunga hakuridhika. Aliniletea kichwa cha kamba mu kiganja.

"Nkambo, wewe unajua kuangalia. Hii ilikatwa na nini?"

Ilikuwa imesagika kwa uzito, udongo umeingia ndani. Jembe wazi. Jembe lenyewe lilikuwa limeegemea ukuta nyuma ya mugongo wake. Nilimuangalia Rajabu mu dirisha la gari, nikaona paji la uso la Feruzi, na masikio ya Feruzi.

"Macho yangu imezeeka," nilisema.

Siku mbili nilipika na kuuza sawa kawaida. Sitadanganya muntu: nililala vizuri. Siku ya tatu, saa sita, malewa imejaa watu wa mizigo wa gare, Feruzi alifika na fimbo yake, binti yake Mwajuma anamushika mukono.

"Dada yangu Zabibu," alisema. "Shamba ni lako. Kila siku uko mule. Uliona nani?"

"Kaa, kula kwanza."

"Sikuja kula."

"Nyama inapoa," nilimuambia.

Mukono wake ulisimama juu ya fimbo. Nilienda ndani, nikarudi na kopo ya kahawa, ya nne au ya tano tangu ile ya kwanza, lakini kilichokuwa ndani ni kilekile. Nilikiweka juu ya meza kando ya sahani.

"Hii ilikatwa na nini?"

"Mambo ya zamani, Zabibu."

"Ilikatwa na nini?"

"Tantine, baba ni muzee," Mwajuma alisema.

"Baba yako iko na mudomo."

Feruzi alikiokota. Macho yake yalikuwa mabaya, alikipapasa na kidole gumba, kichwa kile kilicholala upande. Watu walikuwa wameacha vijiko.

"Panga," alisema.

"Ya nani?"

Alirudisha kile kipande juu ya meza. Nilikisukuma tena karibu naye.

"Yangu."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Nani alikufa?"

"Shabani." Tangu siku ya depo sikusikia lile jina mu mudomo wake.

"Wa nyuma hawajasikia."

Alisimama kwa shida, akasema yote upya, kwa sauti: mimi Feruzi nilikata, Shabani akafa. Mwajuma alifunika uso na kitenge chake. Kisha niliinama ku sikio lake, nikamuambia pole pole, yeye peke yake: "Kamba ya Rajabu ni mimi nilikata. Jembe ni lile pale."

Alinishika mukono. "Basi twende. Twende sasa hivi."

"Leo niko na wateja," nilimuambia. "Kesho. Kesho nitaenda kusema."

Hakuniomba mara ya pili. Alijua vizuri ile kesho, yeye njo aliitengeneza. Alienda mwenyewe ku kasho, pale Rajabu alifungwa, jioni ile, akawaambia askari ni jembe la jirani yake. Walimuchekelea. Muzee, walimuambia, unatafuta koko wa kukaa pahali pa mujukuu wako. Mwajuma njo alinisimulia, na nilimusikiliza nikichambua muchele, sikuruka hata jiwe moja.

Kesho yake nilienda, na jembe ku bega. Nilisema, nilionyesha, Ilunga akathibitisha, mukubwa akatikisa kichwa, Rajabu akatoka. Lakini walikuwa wamemuuliza kwa nguvu aseme shaba amemuuzia nani, na vidole walimuvunja jioni ile, baada ya babu yake kwenda, kati ya kesho yangu na jembe langu. Rajabu haijui ile siku moja. Anajua tu kwamba koko alibeba jembe akaenda kujitaja, na tangu pale ananichotea maji, na mbele za watu anasema: "Huyu njo aliniokoa." Feruzi aliishi miezi saba zaidi. Kila asubui alikaa ku baraza yake kunielekea, na hakusema. Angeweza kumuambia mutoto. Alinyamaza, sawa yaya wangu alivyonyamaza, na sijui alifanya hivyo kwa haya, au ili yeye apate neno la mwisho. Hilo linanichoma. Nilipotaka alipe, alilipa, lakini nikimuangalia Rajabu anainua kikombe kwa mukono moja, ninaona hesabu yangu imelipwa na mwingine.

Chai iliisha. Rajabu alisimama. Nilitoa kitenge juu ya sufuria. Mvuke ulikuwa umekilowesha, maua meupe yamenuka sombe. Mudomo wangu ulikuwa umefunguka, na ile siku moja niliyomuficha ilikuwa juu ya ulimi.

"Koko, nimuambie tantine nini?"

Niliangalia vidole vyake.

"Nitakuja," nilisema. "Na wewe niko na neno la kukuambia."

"Nambie sasa."

"Kesho," nilimuambia.

Alitabasamu, akaenda zake. Aliniamini, sawa mimi nilivyomuamini babu yake.